Gramu Kabla ya Asilimia: Kupanga Viwango vya Virutubishi katika Mlo wa Wanga Kidogo kwa Wafanya Mazoezi

Ikisiri

Makala hii inahoji desturi ya kupanga mlo wa wanga kidogo kwa asilimia za nishati pale mlaji anapofanya mazoezi. Inatetea utaratibu mwingine: protini ikadiriwe kwa uzito wa mwili, wanga ukadiriwe kwa ukali wa mazoezi, na mafuta yajaze nafasi inayobaki.

Chimbuko la asilimia

Mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza mlo wa ketojeniki kwa wagonjwa wa kifafa. Shabaha ilikuwa kuufanya mwili uzalishe ketoni bila kukatika, na hilo hutegemea uwiano. Katika sura yake kali, mlo huo una gramu nne za mafuta kwa kila gramu moja ya protini na wanga vikijumlishwa. Kwa mgonjwa huyo, uwiano ndio dawa yenyewe. Siku hizi mgawanyo wa jamii hiyo, mathalani asilimia 75 ya nishati kutoka kwenye mafuta, 20 kwenye protini na 5 kwenye wanga, hupewa wakimbiaji, wanyanyua vyuma na watu wanaotaka kupunguza unene. Wamerithi kipimo bila kuwa na maradhi yaliyokihitaji.

Kasoro yake hujitokeza kwenye hesabu. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa takribani kilokalori 4, na ya mafuta 9. Mtu wa kilo 70 anayekula kilokalori 2,000 kwa mgawanyo huo hupata gramu 100 za protini. Akipunguza chakula hadi kilokalori 1,500, asilimia hubaki ile ile, ila protini hushuka hadi gramu 75, yaani 1.1 hivi kwa kila kilo ya mwili. Hushuka wakati mbaya, maana mwili uliopungukiwa nishati huanza kuimeng'enya misuli yake.

Asilimia hudanganya kwa upande wa pili pia. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha uchunguzi wa mlo wa wakimbiaji 10 wa Kikalenjini wa kiwango cha juu nchini Kenya. Wanga ulitoa zaidi ya asilimia 76 ya nishati yao, na protini asilimia 10 tu. Anayesoma asilimia peke yake ataona upungufu. Kwa gramu, hata hivyo, walikuwa wakipata protini 1.3 kwa kila kilo, kiasi kilichomo ndani ya gramu 1.2 hadi 2.0 ambazo wataalamu wa lishe ya michezo huwapendekezea wanamichezo. Asilimia 10 hiyo hiyo, kwa mtu wetu wa kilokalori 1,500, ingekuwa gramu 37 na ushei: karibu nusu gramu kwa kilo.

Protini kwanza

Uchambuzi wa tafiti nyingi ulioongozwa na Robert Morton mwaka 2018 ulionyesha kuwa kwa watu wanaonyanyua vyuma, faida ya kuongeza protini katika kujenga misuli hufifia kwenye gramu 1.6 hivi kwa kilo kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 112. Idadi hii ndiyo ya kuandikwa mwanzo, na isiguswe nishati inapopunguzwa.

Katika majiko yetu hapa pana mtego. Maharage na kunde ni nguzo ya protini kwa kaya nyingi za Afrika Mashariki, lakini gramu 100 za maharage yaliyopikwa huwa na protini 8 au 9 pamoja na wanga unaozidi gramu 20. Anayetafuta gramu zake zote 112 kwenye maharage atakuwa amekula wanga unaozidi gramu 250, na mlo wake hauwezi tena kuitwa wa wanga kidogo. Kwa hiyo samaki, dagaa, mayai na nyama hubeba mzigo mkubwa, na jamii ya kunde ihesabiwe pande zote mbili.

Wanga kwa kadiri ya kazi

Mwaka 1967 Jonas Bergström na wenzake huko Sweden walichukua vipande vidogo vya misuli kwa sindano ili kupima glikojeni, yaani akiba ya wanga mwilini. Baada ya siku chache za mlo wenye wanga mdogo, washiriki waliendesha baiskeli ya maabara kwa takribani saa moja kabla ya kuchoka kabisa. Baada ya mlo wenye wanga mwingi, walizidi saa mbili na nusu. Watetezi wa mafuta walijibu kwamba siku chache hazitoshi kwa mwili kuzoea. Mwaka 1983 Stephen Phinney aliwapa hoja: waendesha baiskeli watano waliokula wanga usiofika gramu 20 kwa siku kwa wiki nne walidumu dakika 151, kutoka 147 za awali.

Matokeo hayo hutajwa mara nyingi, ila sharti lake husahaulika. Walipimwa kwa mwendo wa wastani, kiasi cha asilimia 62 hadi 64 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni. Mwaka 2017 Louise Burke na wenzake nchini Australia waliwafuatilia watembeaji wa mashindano kwa wiki tatu hivi. Waliokula mafuta mengi walijifunza kuyachoma kwa kiwango kikubwa mno, lakini kwa kasi ya mashindano walihitaji oksijeni zaidi, na muda wao wa kilomita 10 haukuboreka kama wa wenzao waliokula wanga. Sababu ni ya kikemia: lita moja ya oksijeni huzalisha nishati nyingi zaidi kidogo inapochoma wanga kuliko inapochoma mafuta. Anayetembea hana haja na tofauti hiyo. Anayekimbia kwa nguvu zake zote huihisi.

Hivyo wanga hauwezi kuwa na kiwango kimoja kwa watu wote. Napendekeza gramu 50 hadi 100 kwa anayetembea, kukimbia taratibu au kunyanyua vyuma kwa muda mfupi. Anayecheza kandanda au kukimbia mbio za kasi mara kadhaa kwa wiki apewe gramu 100 hadi 130, sehemu kubwa ikiliwa karibu na zoezi. Kikomo hicho cha 130 ndicho watafiti wengi hukitumia kutenga mlo wa wanga kidogo. Anayejiandaa kwa shindano la kasi atafute mlo mwingine.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni la wakimbiaji wa masafa marefu kupita kiasi: Jeff Volek alionyesha mwaka 2016 kuwa waliozoea mlo huu huweza kuchoma mafuta gramu 1.5 kwa dakika, zaidi ya maradufu ya wenzao. Uwezo huo ni wa kweli, lakini kuchoma mafuta si kushinda mbio. La pili lina uzito zaidi: mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili hatafuti kasi, anatafuta sukari iliyotulia, naye ana haki ya kupunguza wanga hata chini ya viwango hivi. Akiwa anatumia insulini au dawa za jamii ya sulfonilurea, daktari arekebishe dozi kabla hajaanza, kwani mazoezi na upungufu wa wanga vyote viwili huishusha sukari.

Mafuta mwisho

Mtu wetu wa kilo 70 mwenye protini gramu 112 na wanga gramu 100 hubakiwa na kilokalori 1,152 kati ya 2,000, sawa na gramu 128 za mafuta. Akishuka hadi 1,500, hubakiwa na gramu 72. Sehemu ya mafuta imetoka asilimia 58 hadi 43, na mpango haujaharibika, kwa kuwa kinachojenga misuli na kinachoendesha mazoezi hakijaguswa. Iliyopungua ni nishati ambayo akiba ya mwili inaweza kuifidia, almuradi mafuta yasikatwe mpaka kukwamisha ufyonzaji wa vitamini A, D, E na K.

Asilimia basi zibaki na kazi yake halali, yaani kueleza mlo uliokwisha kupangwa. Mshauri wa lishe anayezitanguliza atalazimika kumpa ushauri uleule mtembezi wa jioni na mchezaji wa kandanda, ilhali miili yao inadai vitu tofauti.