Ndege Mdogo na Gesi Isiyo na Harufu

Leo tunazungumzia hewa ya nyumbani, lakini tutaanzia mbali kidogo, huko Uingereza.

Kwa miaka mingi watu walitafuta njia ya kuchuja hewa chafu. Mwaka wa 1854, mwanakemia John Stenhouse wa Scotland alitengeneza barakoa iliyotiwa makaa yaliyosagwa, kwa sababu makaa hunasa gesi nyingi zenye sumu. Mwaka wa 1871, mwanasayansi John Tyndall wa Ireland aliongeza pamba yenye gliserini ili inase chembe za moshi. Alitaka wazima moto waweze kuingia katika nyumba inayoungua.

Lakini kuna gesi moja iliyoshinda vichujio hivyo vyote, nayo ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inapita kwenye kitambaa, inapita kwenye pamba, na hata makaa hayainasi. Ikifika kwenye damu, hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huendelea kuvuta pumzi, kumbe mwili wake unakosa hewa.

Januari 1896, mlipuko ulitokea katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, nchini Wales. Watu 57 walikufa. Daktari John Scott Haldane alichunguza vifo hivyo, akagundua kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko. Waliuawa na gesi hii.

Kwa kuwa haikuweza kuchujwa wala kunuswa, Haldane alishauri wachimbaji waingie mgodini na mnyama au ndege mdogo. Ndege aitwaye kanari alifaa sana. Mwili wake ni mdogo na anapumua haraka, kwa hiyo gesi humlemea kabla ya mtu mzima. Akiyumba au kuanguka, wachimbaji walijua wakati wa kutoka umefika. Kanari walitumika Uingereza hadi mwaka wa 1986, walipoanza kuondolewa na nafasi yao kuchukuliwa na vifaa vya elektroniki.

Je, mama, haya yanakuhusu nini? Gesi hiyo hiyo hutoka kwenye jiko lako la makaa. Wakati wa baridi, Juni na Julai, wengi wetu huingiza jiko ndani na kufunga madirisha. Wengine husema makaa yakishakuwa mekundu bila moshi, hayana hatari. Si kweli. Moshi umeisha, lakini gesi bado inatoka. Leso iliyoloweshwa maji haiizuii.

Mtoto mchanga naye hupumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo gesi humwingia upesi. Ukiwa mjamzito, humfikia hata aliye tumboni.

Basi shika haya:

Pikia nje, au mahali penye madirisha na mlango wazi.

Usilale na jiko la makaa ndani ya chumba, hata kama moto unaonekana kufifia.

Watu kadhaa nyumbani wakiumwa kichwa, wakisikia kizunguzungu au kichefuchefu kwa wakati mmoja na jiko linawaka, usikimbilie kusema ni malaria. Watoe wote nje kwanza, kisha nendeni hospitali. Dawa yake ni oksijeni. Maziwa hayaondoi gesi hii mwilini.

Siku hizi vipo vifaa vidogo vya betri vinavyolia gesi hii inapozidi. Ukiweza kukipata, ni vizuri. Usipokuwa nacho, dirisha lililo wazi na jiko lililo nje vitakulindia watoto.

Mwambie na jirani yako. Hadi wakati mwingine, kaeni salama.