Mtoto huanzaje kutoka seli moja, na kwa nini wiki nne za kwanza zina uzito
Kila mtu alianza akiwa seli moja: yai la mama lililorutubishwa na mbegu ya baba. Upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Seli hiyo hugawanyika kuwa mbili, nne, nane, na kuendelea. Kati ya siku ya 6 na ya 10 hujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba.

Seli hizo zote hubeba maelekezo yale yale ya urithi. Hutofautiana kwa sababu kila moja hutumia sehemu yake tu. Katika wiki ya 3 hujipanga tabaka tatu. La ndani hutoa utumbo na mapafu, la kati mifupa, misuli na moyo, la nje ngozi na ubongo.

Tabaka hili la nje hujikunja mgongoni kuwa mrija, ambao ndio ubongo na uti wa mgongo wa baadaye. Mrija hufunga karibu siku ya 28. Usipofunga vizuri kwa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. (Si laana, wala mama hakurogwa.) Siku hiyo hedhi imechelewa wiki mbili tu, na wengi hawajajua kama wana mimba.

Kwa hiyo, ukipanga kuzaa, usisubiri kliniki ya wajawazito. Muulize mapema mhudumu wa kituo cha afya kuhusu vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, tangu kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Kama ulishazaa mtoto mwenye mgongo wazi, mweleze. Utahitaji dozi kubwa zaidi.