Chai ya Tunduma, tii ya Nakonde: ukoo mmoja, vikombe viwili

Wadau, kuna kaugomvi pale mpakani ambako hakajawahi kufika polisi wala kwa mwenyekiti wa mtaa, lakini kameshawaliza mabinti wengi walioolewa upande wa pili. Ni ugomvi wa chai.

Iko hivi. Binti katoka Nakonde, Zambia, kaolewa Tunduma. Asubuhi ya kwanza ukweni anachemsha maji kwenye birika, anamimina kikombeni, anatumbukiza kijifuko cha majani chenye uzi, sukari, halafu maziwa kidogo kwa juu. Mama mkwe anachungulia: "Mwanangu, hii chai au maji ya kunawa?" Sasa geuza. Binti wa Tunduma kaolewa Nakonde. Yeye anabandika sufuria, anatia maji, maziwa, majani na tangawizi vyote kwa pamoja, anasubiri vipande mpaka karibu vimwagike, ndipo anachuja. Wifi yake anacheka: "Wifi, leo umetupikia supu?"

Ni utani, lakini una mwiba ndani. Hapo haipimwi chai, yanapimwa malezi ya msichana. Neno linalofuata huwa ni lile lile: "Kwao hawakumfundisha." Na hapo ndipo historia inapoingia, na hii siyo chai ya vijiweni, ni mambo yaliyoandikwa.

Mpaka ulitangulia chai

Tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walisaini mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika, ule unaojulikana kama mkataba wa Heligoland na Zanzibar. Ndani yake kulikuwa na mstari kutoka mdomo wa mto Songwe kwenye Ziwa Nyasa hadi mdomo wa mto Kilambo kwenye Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 tume ya mipaka ikapita kupima ardhini. Wanyamwanga, ambao walikuwa wakiishi hapo kama watu wamoja, wakajikuta wengine wapo kwa Mjerumani na wengine kwa Mwingereza. Hakuna aliyewauliza. Mpaka leo wapo pande zote mbili, na majina ya koo yanafanana.

Sasa angalia miaka. Wajerumani walijaribu kupanda chai Amani, kule Tanga, mwaka 1902, halafu Rungwe, majirani kabisa wa Songwe, mwaka 1904. Mashamba ya chai ya biashara Tanganyika yalianza 1926. Yaani ukoo ulikatwa vipande viwili kwanza, chai ikaja baadaye. Wakati mstari unachorwa, asubuhi ya watu hawa ilikuwa uji, kiporo au togwa. Hakukuwa na birika la kugombania.

Sikiliza maneno yenyewe

Ukitaka kujua chai ilipitia njia gani kufika kwako, sikiliza jina lake. Dunia nzima imegawanyika kwenye makundi mawili makubwa, na yote yametoka China. Lugha nyingi za China husema "cha". Neno hilo likaenda Uajemi na India, likavuka Bahari ya Hindi, na kwetu likawa chai. Lakini watu wa pwani ya Fujian walisema "te", na Waholanzi waliobeba majani kwa meli wakalipeleka Ulaya. Mwingereza akalipata huko, akasema "tea".

Ndiyo maana Tunduma wanasema chai, na ukivuka tu, Kibemba kinasema tii. Kinyanja nacho kinasema tiyi. Hata chombo kinatoa siri. Birika ni neno lenye asili ya Kiarabu, lilitufikia kupitia pwani. Kinyanja kinasema ketulo, ambalo ni neno la Kiingereza limevalishwa kitenge. Safari mbili zilizoanzia China, moja ikapita Bahari ya Hindi na nyingine ikazunguka kupitia Ulaya na kupanda kutoka kusini, zimekutana pale getini Tunduma.

Nani alimfundisha nani?

Mtu anaweza kuuliza: mbona Mwingereza alitawala na Tanganyika pia, baada ya Vita Kuu ya Kwanza? Kwa nini sufuria haikushindwa?

Jibu lipo kwenye duka na jiko. Huku kwetu, biashara ya rejareja wakati wa ukoloni ilikuwa zaidi mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya India, na mapishi ya mjini yalikuwa mapishi ya pwani. India ndiko chai ya kuchemshwa na maziwa na viungo ilikoshamiri. Ikaingia pwani, ikakutana na iliki, mdalasini na tangawizi, ikapanda bara pamoja na chapati na sambusa. Kiasi kwamba neno chai likameza mlo mzima. Mtu akisema "karibu chai" anamaanisha kifungua kinywa, na ukikuta kikombe kitupu bila kitafunwa unaona umedanganywa. Mbozi wanalima kahawa inayouzwa nje, lakini asubuhi nyumbani kinachobandikwa ni chai.

Upande wa pili, wanaume wa kaskazini mwa Zambia walielekea kusini, kwenye migodi ya shaba, na wengine kufanya kazi kwenye nyumba za walowezi. Huko chai ilikuwa na taratibu za Kiingereza: maji yanachemka peke yake, majani yanalowekwa, maziwa yanakuja mwisho. Mfanyakazi aliyerudi kijijini alirudi na utaratibu huo kama alama ya kuona dunia. Halafu mwaka 1960 likazinduliwa Bwawa la Kariba, lililojengwa hasa kulisha migodi hiyo, na umeme ukafungulia mlango birika la kuchomeka ukutani.

Yupo na mgeni wa tatu. Kati ya 1970 na 1975 Wachina walijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na ikapita Tunduma. Sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za China kwenye maduka ya Tanzania na Zambia. Hawa ndio wenye chai yao kabisa, na kwao chai ya kawaida haina maziwa wala sukari. Wangeruhusiwa kuhukumu, huenda mama mkwe na wifi wote wangefeli.

Chombo ndicho kinachoamua

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo watu hulisahau. Birika la umeme limetengenezwa kwa ajili ya maji tu. Ukitia maziwa yanaungulia chini na kufurika. Kwa hiyo mwenye birika la umeme lazima aloweke majani pembeni, hana namna. Na mwenye sufuria hana sababu ya kutenganisha, kwa sababu moto mmoja unamaliza kazi yote. Huyo binti hakukosa malezi. Alifuata chombo alichokikuta jikoni kwao.

Na wanaosema birika linamaliza LUKU, hesabu ni hii: birika la wati 2000 huchemsha lita moja na nusu kwa dakika nne au tano hivi. Hiyo ni kama uniti 0.15, yaani uniti moja inachemsha mara sita. Ndiyo maana vijana wengi wa kupanga chumba kimoja wameanza kulinunua, maana mkaa nao una bei yake. Serikali nayo ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034.

Wakati huohuo upande wa Zambia mambo yaligeuka. Mwaka 2024 ukame ulitangazwa kuwa janga la taifa, maji ya Kariba yakashuka, na maeneo mengi yakakaa bila umeme zaidi ya nusu ya siku. Birika la umeme bila umeme ni pambo la mezani. Mkaa ukarudi, na sufuria ikarudi nao. Yaani Tunduma wanaanza kuchomeka, na wenzao walilazimika kubandika.

Kwa hiyo mama mkwe, kabla ya kusema "kwao hawakumfundisha," kumbuka hayo yote mawili ni mapishi ya kuja. Na kama binti ni Mnyamwanga, kabla ya 1890 kwao na kwenu palikuwa palepale.

Haya wadau, kwenu ni sufuria au birika?