Uundaji otomatiki: kazi inayofanywa na make

Mwaka 1976, katika maabara za Bell nchini Marekani, Steve Johnson aliingia ofisini kwa mwenzake Stuart Feldman akiwa amefura kwa hasira. Asubuhi nzima ilikuwa imempotea akisaka kosa katika programu isiyo na kosa. Kosa lenyewe alikuwa ameshalirekebisha, ila faili lililorekebishwa halikukompailiwa upya, yaani halikutafsiriwa tena kuwa lugha ya mashine, hivyo kila alipoiendesha programu alikuwa akiendesha toleo la zamani. Feldman naye yalikuwa yamemfika yayo hayo jioni iliyotangulia. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la make, zana iliyomletea Feldman tuzo ya chama cha ACM mwaka 2003.

Zana za aina hii zinafaa kuitwa zana za uundaji otomatiki. Kitenzi kuunda kinabeba maana hii vizuri kuliko kujenga. Nyumba hujengwa, lakini jahazi la Matondoni, kisiwani Lamu, huundwa: vipande vinachongwa kimoja kimoja, kisha vinaunganishwa kuwa chombo kinachokwenda. Uundaji wa programu ni hatua zote zinazogeuza msimbo alioandika mtu kuwa kitu kinachoendeshwa na kompyuta: kukompaili kila faili, kuunganisha matokeo, na mara nyingi kuyafanyia majaribio na kuyafunga katika kifurushi.

Neno otomatiki ndilo linalohitaji uangalifu. Mtu akiziandika amri zake zote katika faili moja na kuziendesha kwa mkupuo, ameokoa vidole vyake tu. Kazi yote inarudiwa kila mara. Make hufanya zaidi: huamua kazi ipi haina haja ya kurudiwa.

Chukua programu ya kukokotoa mishahara yenye mafaili mawili ya lugha ya C, mishahara.c na kodi.c. Katika faili liitwalo Makefile huandikwa hivi:

mishahara: mishahara.o kodi.o
	cc -o mishahara mishahara.o kodi.o

Kushoto mwa nukta mbili ni lengo, yaani kitu kinachotakiwa kupatikana. Kulia ni vitegemewa vyake. Mstari wa chini ni amri ya kulipata lengo. Namna ya kupata faili la .o, ambalo ni matokeo ya kukompaili, kutokana na la .c, make inaijua yenyewe. Mtu akihariri kodi.c kisha akaandika make kwenye terminali, zana hulinganisha saa ambazo mafaili yalibadilishwa mara ya mwisho. Ikiona kodi.c ni jipya kuliko kodi.o, inalikompaili hilo peke yake na kuunganisha programu upya. Faili la mishahara.c haliguswi. Kwa mradi mkubwa kama kiini cha Linux, ambacho nacho huundwa kwa make, tofauti hiyo ni ya muda mrefu wa kusubiri.

Mstari wa amri sharti uanze kwa tabo. Nafasi za kawaida hazikubaliki, na sharti hilo limewatesa wengi. Feldman alitambua udhaifu wa sharti hilo mapema, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili, akaona vibaya kuwaharibia kazi.

Baadaye zikaja Ant, Maven na Gradle kwa watu wa Java, na Ninja iliyotokana na mradi wa Chromium. Sarufi zake zinatofautiana, lakini zote zinahitaji kujua kipi kinategemea kipi.

Hapo ndipo wanaoanza hukosea. Tuseme kiwango cha kodi kimeandikwa katika kodi.h, faili linalotumiwa na kodi.c, na faili hilo halikutajwa popote kwenye Makefile. Kiwango kikibadilishwa, make haioni badiliko lolote, inajibu kwamba programu iko sawa, na mishahara inaendelea kukokotolewa kwa kiwango cha zamani. Tiba yake ipo: kompaila ya gcc ikipewa chaguo la -MMD huandika yenyewe orodha ya mafaili ya .h yanayotumiwa na kila faili la .c, na Makefile huisoma orodha hiyo kwa agizo la include.