Na Mimi Nitaiona Lini?

Siku hiyo tulikuwa wanne, wote wanafunzi wa chuo pale Moshi, na mfukoni tulikuwa na nauli ya kwenda na kurudi tu. Haisi ilitushusha Marangu Mtoni saa nne asubuhi, tukaanza kupanda kwa miguu kuelekea maporomoko ya Kinukamori. Shingoni nimening'iniza kamera niliyopewa na mjomba. Kila hatua kumi napiga: mgomba, mfongo wa maji, mshikaji wa Tanga akijirusha juu kama kipa, dada wa Kibosho akininunia kwa sababu nimempiga akiwa anatafuna ndizi. Mwenzetu wa Rombo hakuwa na kamera, yeye alihangaika na simu yake tu.

Kwenye kona moja bibi alikuwa anashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mwanga ulikuwa mzuri ajabu. Nikapiga kwanza, ndipo nikakumbuka kuamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umenipiga picha?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mimi nitaiona lini?"

Nikacheka. Nikamgeuzia kamera aangalie kwenye kioo chake, akakunja uso, akasema bila miwani haoni kitu. "Utaniletea," akasema, akaendelea kushuka. Nikamjibu kwa sauti kwamba nitamletea. Wenzangu nao wakacheka, safari ikaendelea.

Msomaji, swali la bibi yule ndilo lililonifanya nianze kuisoma historia ya hiki ninachokiita "hobi yangu". Nilidhani nitasoma habari za lenzi na mwanga. Nikajikuta nasoma habari za deni.

Tuanze na mwaka 1888. Mwaka huo huko Marekani George Eastman alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak. Ilikuwa kisanduku kidogo chenye filamu ya kutosha picha 100. Ukizimaliza unakirudisha kisanduku chote kiwandani, wanakusafishia picha zako na kukujazia filamu mpya. Kabla ya hapo mpiga picha alikuwa kama fundi seremala anayehama na karakana yake: kisanduku kikubwa, stendi ya miguu mitatu, vioo vizito vya kunasia picha, na chupa za dawa. Eastman ndiye aliyeiweka picha mkononi mwa mtu wa matembezi, mtu kama mimi.

Mwaka uliofuata, 1889, Mjerumani Hans Meyer alifika Marangu. Alikuwa wa ukoo wa wachapishaji vitabu wa Leipzig, na mwenzake alikuwa Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo walifika kileleni. Meyer akakipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Mwaka 1890 kitabu chake kikatoka Leipzig, kimejaa picha na ramani. Watu wa Ulaya, ambao miaka 40 nyuma walimbishia mmisionari Johannes Rebmann aliposema ameona theluji karibu na mstari wa Ikweta, sasa waliiona barafu hiyo kwenye karatasi.

Sasa jiulize swali la kijiweni: mizigo ile ilipandaje? Mahema, vyakula, vyombo vya kupimia, vifaa vya picha? Havikujipandisha vyenyewe. Vilipanda kwa mabega ya watu. Katika kitabu cha Meyer anatajwa Mwini Amani wa Pangani, aliyekaa nao kambini juu kule kwenye baridi. Na Marangu wenyewe wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, kijana wao aliyeongoza njia. Lakini jina la Lauwo lilianza kusikika mbali mwaka 1989, kwenye maadhimisho ya miaka 100 ya safari ile, naye bado hai, mzee sana. Alifariki mwaka 1996. Picha na kitabu vilizunguka Ulaya miaka mia moja kabla jina lake halijatoka kijijini.

Ngoja niseme jambo la haki, nisije nikaonekana nalaumu tu. Picha zile za kale zimetusaidia. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walizunguka mlima wakiupima na kuupiga picha, na kutokana na kazi hiyo ikachorwa ramani ya barafu yote. Wakati huo barafu ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 12 hivi. Wataalamu walipopima tena mwaka 2011 hazikufika hata mbili. Bila picha na ramani ya 1912 tungebaki na maneno ya wazee tu, kwamba zamani mlima ulikuwa mweupe zaidi, na wajuaji wangesema wazee wanatia chumvi.

Hata hivyo tazama majina ya barafu hiyo. Kuna Ratzel, kuna Penck, kuna Credner, kuna Drygalski. Hao ni maprofesa wa Ujerumani. Friedrich Ratzel hakuwahi hata kuukanyaga mlima huu, ila kipande cha barafu kilipewa jina lake. Waliobeba vioo na mahema mpaka chini ya barafu hiyo hawakupata hata jiwe. Dada wa Kibosho aliposikia habari hizi alisema, "Kumbe ni kama sisi na picha zetu. Mlima una jina, sisi tuna majina, bibi wa majani ni 'bibi wa majani'." Nikanyamaza, maana faili lake nilikuwa nimeliita hivyo hivyo.

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, kwanza Machame, na wao pia walikuja na kamera. Picha zao nyingi zimeingizwa kwenye kompyuta, na chuo kikuu kimoja cha Kusini mwa California kimezikusanya pamoja na za misheni nyingine ili mtu yeyote azitazame. Tulikaa nazo usiku mmoja bwenini, wanne tumebanana mbele ya kompyuta moja, bando linakwisha. Vihamba, nyumba za nyasi zilizofika chini kabisa, watoto wa shule wamepangwa kwa mistari, wanawake na mizigo yao. Nilizoziona mimi, mzungu mara nyingi ana jina. Mwafrika ana kazi au kabila: mwanamke Mchaga, mpagazi, mwanafunzi. Mwenzetu wa Rombo alisimamisha picha moja, akasogeza uso kwenye kioo, akasema, "Huyu anafanana kabisa na bi mkubwa." Tukamtania. Yeye hakucheka. Akauliza, "Sasa nitajuaje?" Nani angemjibu?

Jumamosi nyingine tukapanda Old Moshi. Huko ndiko Moshi ilikoanzia, kwenye boma la Wajerumani. Mji wa leo ulishuka huku chini kufuata reli ya kutoka Tanga, iliyofika mwaka 1911. Tulikwenda kuona mahali aliponyongwa Mangi Meli. Huyu alikuwa mtoto wa Mangi Rindi, yule ambaye wageni walimwita Mandara. Mwaka 1892 watu wa Meli waliwashinda askari wa Kijerumani, mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na nguvu kubwa zaidi. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga yeye na viongozi wengine. Familia yake inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, mzee Isaria Meli, amekitafuta kwa miaka na miaka.

Nilipiga picha nyingi pale, lakini ninalotaka kukusimulia silo hilo. Mwaka 2023 wakuu wa makumbusho ya Berlin walitangaza matokeo ya kupima vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa huku kwetu enzi za ukoloni na vya watu walio hai Tanzania. Kichwa cha Meli hakikuwemo. Ila fuvu moja lilikutwa na ndugu zake kamili. Lilikuwa la mshauri wa Mangi Meli, na watafiti walijua pa kuanzia kwa sababu mtu fulani zamani alikuwa ameandika juu yake neno moja: Akida. Neno moja la wino. Aliyeliandika pengine alikuwa anapanga mali ya makabati tu, hakuwa na huruma yoyote. Lakini neno hilo ndilo lililoonyesha njia ya kurudi nyumbani.

Tuliposhuka jioni ile nilikwenda kwa mjomba. Yeye miaka ya 80 na 90 alikuwa mpiga picha wa mitaani hapa mjini, wa harusi, ubatizo, na picha za Krismasi watoto wakiwa na miwani ya jua. Nilimkuta uani. Nikamwuliza zamani walikuwa wanafanyaje kazi. Akaingia ndani akatoka na boksi la viatu. Ndani mna negativu, kila mkanda umefungwa kwenye karatasi yake, na juu ya boksi pana daftari la shule. Namba, jina, mtaa, tarehe, malipo ya kwanza, baki.

"Mkanda ulikuwa wa picha 36," akasema. "Huwezi kupiga ovyo kama nyie. Na mtu akishatoa hela ya kwanza, hiyo picha si yako tena. Wewe umeishika tu. Usipompelekea utaitwa mwizi soko zima."

"Na asipokuja kuichukua?"

"Unamtafuta. Ndiyo maana niliandika mtaa."

Hapo nikaelewa kwamba kulikuwa na historia mbili za picha katika nchi yetu, na mimi nilikuwa nimesoma moja. Moja ni ya picha zinazoondoka. Ya pili ni ya studio, ambako mtu huingia mwenyewe, amevaa nguo aliyoitaka yeye, akalipa, na picha ikaenda kutundikwa sebuleni kwake. Zanzibar biashara hiyo ilikuwepo tangu karne ya kumi na tisa, wakati wa studio ya A. C. Gomes, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio kule Mji Mkongwe. Huku bara kila mji ulikuwa na mafundi wake, na nyuma yao wakaja vijana wa mitaani wenye Yashica na Zenit, kama mjomba. Hakuna kitabu cha Leipzig kinachowasifu. Lakini nenda nyumba yoyote ya Pasua au Njoro, angalia ukutani. Kazi yao iko pale, na kila aliyemo ndani ya fremu anajulikana kwa jina.

Mjomba akafunga boksi, akaniuliza, "Wewe daftari lako liko wapi?"

Wiki iliyofuata nikapanda Haisi peke yangu kwenda Marangu. Ilikuwa imepita miezi saba. Sikuwa na picha mkononi, na sababu yake naona aibu kuiandika. Siku ile ya Kinukamori memori kadi ilijaa tulipofika kwenye maji. Nikaanza kufuta haraka haraka ili nipate nafasi. Nilifuta bibi, nikabaki na picha 40 za maporomoko. Nilikuwa nakwenda kumwomba radhi na kumpiga upya.

Pale kwenye kona niliuliza, nikaelekezwa kwenye kihamba. Mama mmoja alinipokea, akanipa kigoda. Bibi alikuwa amefariki, msiba ulikuwa umepita kama mwezi na nusu. Ukutani palikuwa na picha ya msibani ndani ya fremu kubwa, imekuzwa kutoka kwenye kitambulisho cha kura mpaka uso umekuwa kama ukungu, macho mawili tu ndiyo yanaonekana. "Ndiyo tuliyokuwa nayo," mama akasema. Sikuweza kumwambia. Nilikunywa chai yake, nikashukuru, nikashuka mpaka Mtoni kwa miguu.

Niliwasimulia wenzangu usiku huo. Walikaa kimya, halafu yule wa Rombo akatoa simu yake, akaanza kurudi nyuma, picha baada ya picha, miezi yote ile. Akaipata. Ni sisi watatu tumesimama kwenye kona tukicheka, na pembeni kushoto bibi anashuka, mzigo kichwani, uso ameugeuza kututazama. Pengine ni ule wakati nilipomjibu kwamba nitamletea. Anaonekana vizuri kabisa.

Tukachanga, tukaenda kuichapisha mjini, saizi kubwa. Jumapili tukapanda wote wanne. Safari hii nilimwambia mama kila kitu, na ile niliyoifuta pia. Hakunijibu. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akaingia nayo ndani, tukasikia anaongea na watu kwa Kichaga. Alipotoka alinipa kalamu, akanitajia jina la bibi, lote, mpaka la ukoo, nami nikaliandika nyuma ya picha pamoja na mahali na tarehe. Hapa silichapi, kwa sababu sikumwomba ruhusa ya kulichapa.

Nilipomrudishia akaigeuza tena, akaweka kidole katikati ya picha.

"Na hawa watatu ni akina nani?"

"Ni sisi, mama."

"Najua ni nyie. Majina yenu?"

Tukamtajia. Akanirudishia kalamu.

"Waandike na hao," akasema. "Na huyo aliyepiga."