Kalamu ya Risasi Haina Risasi: Historia Fupi ya Rangi za Watoto

Dada yangu anayeishi Katoro, mkoani Geita, alinipigia simu akiwa amekasirika. Mwanawe ana miaka mitatu, na ukuta wa sebuleni umeshageuka daftari. "Mdogo wangu, si wewe unasoma kemia huko? Niambie ninunue rangi gani isiyochafua." Nilicheka, kisha nikaanza kutafuta jibu. Kumbe swali lake lina historia ndefu, na jibu nililolipata, hasa kwa sisi wa ukanda wa dhahabu, silo nililolitarajia.

Hebu tuanze na kitu ambacho kila mmoja wetu amewahi kukitafuna darasani.

Jina lililotupoteza

Wazee wetu waliiita penseli "kalamu ya risasi". Ukweli ni kwamba ndani yake hamna risasi hata chembe. Katika karne ya 16, huko Borrowdale, Uingereza, watu walichimba jiwe jeusi laini linaloacha alama, wakadhani ni aina ya risasi. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele alionyesha kwamba ni kaboni, yaani ndugu wa mkaa na almasi ya Mwadui. Leo tunaliita grafaiti. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alichanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi, akauchoma kama chungu, na penseli tunayoijua ikapatikana.

Sasa, risasi halisi ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye rangi. Kwa miaka mingi viwanda viliweka misombo ya risasi kwenye rangi kwa sababu inang'aa, inafunika vizuri na inadumu. Rangi hiyo ilipakwa kwenye kuta, kwenye midoli, na hata nje ya penseli zenyewe, pale pale mtoto anapong'ata. Marekani iliipiga marufuku kwenye nyumba na vitu vya watoto mwaka 1978. Yaani jina lilituonyesha hatari mahali ambapo haipo, na hatari yenyewe ilikaa kimya ikiwa imependeza.

Masizi, nta na unga wa ngano

Rangi za nta nazo zina kisa chao. Edwin Binney na binamu yake Harold Smith, wa Marekani, walikuwa wauzaji wa masizi na rangi nyekundu ya kupaka mabanda ya ng'ombe. Kalamu za nta zilikuwepo tayari, ila zilikuwa za kuwekea alama mizigo na zilikuwa na sumu ndani. Mwaka 1902 walitoa chaki isiyorusha vumbi. Mwaka uliofuata, 1903, wakatoa boksi la rangi 8 za nta, zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto, kwa senti 5. Jina la Crayola lilitungwa na Alice Binney, mke wa Edwin, aliyewahi kuwa mwalimu.

Cha kuchekesha zaidi ni Play-Doh. Ilianza kama donge la kufutia masizi kwenye karatasi za ukutani, enzi ambazo nyumba za Marekani zilipashwa moto kwa makaa ya mawe. Makaa yalipoachwa, biashara ikadorora. Mwalimu wa chekechea aitwaye Kay Zufall akawapa watoto donge lile wafinyange, wakalifurahia. Kufikia mwaka 1956 likawa linauzwa kama kitu cha kuchezea. Ndani yake kulikuwa hasa na unga wa ngano, maji na chumvi!

Lakini usidhani safari iliishia pazuri. Mwaka 1994, Marekani hiyohiyo, baadhi ya rangi za nta zilizoagizwa kutoka nje ziliondolewa sokoni kwa sababu zilikutwa na risasi. Zilikuwa kavu, hazimwagiki, hazichafui mikono. Usafi wa macho haukusaidia kitu.

Uchafu wa aina mbili

Hapo ndipo nilipoelewa nimwambie nini dada. Kuna uchafu unaouona na uchafu usiouona. Matope kwenye vidole unayaona, unayaosha. Risasi na zebaki huzioni. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Na mtoto wa miaka mitatu kazi yake kubwa ni kutia vidole mdomoni.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama husaga mawe kwenye makarasha na kunasa dhahabu kwa zebaki. Mabaki yake, marudio, ni mchanga laini ajabu, mtamu kuchezea. Mwaka 2010, huko Zamfara, Nigeria, watu walisaga mawe ya dhahabu majumbani, wengine kwa mashine za kusagia nafaka. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Watoto zaidi ya 400 walifariki. Miamba yetu si lazima ifanane na yao, lakini vumbi la karasha halina mahali mikononi mwa mtoto. Zebaki nayo tunayo: Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 kwa ajili hiyohiyo.

Basi nilimwambia dada hivi. Udongo wa mfinyanzi, ule ambao watoto wa Kisukuma wamefinyangia ng'ombe tangu zamani, ni mzuri, ila uchimbwe mbali na karasha, mialo na marudio. Kama huna uhakika, kanda unga vikombe viwili, chumvi kimoja na maji kidogo kidogo. Mwangalie tu asile, chumvi ni nyingi. Chaki ni jasi au chokaa, na zinatengenezwa jirani kabisa, Maswa. Atumie nje, kwenye upepo. Rangi za nta nunua zenye jina la kiwanda na alama ya ubora, achana na za kupimiwa kwenye mfuko usio na maandishi. Baba akitoka machimboni, anawe na abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Na kama shida ni ukuta tu? Mpe brashi na kopo la maji safi, achore kwenye sakafu ya baraza. Jua la Katoro litafuta lenyewe.

Dada alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ule mchanga laini nyuma ya nyumba, tulioletewa wakati wa kujenga, ulitoka wapi vile?"

Na wewe msomaji, wa kwako ulitoka wapi?