Nani Aliitia Gesi Harufu?

Usiku mmoja wa kiangazi, hapa Mkonze, niliamshwa na harufu. Chumba changu ni kimoja, kitanda upande huu na jiko upande ule, kwa hiyo harufu haikuwa na safari ndefu. Nilijua ni gesi. Sikuwasha taa, maana nilikumbuka kwamba hata swichi hutoa cheche. Nilipapasa gizani, nikafunga mtungi, nikafungua mlango na dirisha, kisha nikaubeba ule mtungi wa kilo 6 hadi uani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Babu mwenye nyumba alitoka na tochi yake. Nikamwomba asinimulikie karibu.

"Mjukuu wangu, unahama usiku?"

"Hapana, babu. Gesi ilikuwa inavuja."

"Umejuaje nawe ulikuwa umelala?"

"Harufu, babu."

Akatikisa kichwa. "Basi Mungu kaiumba kwa huruma. Mkaa unaua watu kimyakimya, hii inapiga hodi."

Sikumbishia usiku ule. Lakini babu alikuwa amekosea, nami nimekuwa nikifikiria kosa lake tangu wakati huo. Gesi hii haikuumbwa na harufu. Gesi ya mitungi haina harufu ya maana, na gesi asilia inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay haina harufu kabisa. Ule uvundo kama wa yai viza uliotiwa humo ni kemikali ambayo binadamu waliamua kuiongeza, na waliamua hivyo baada ya kuzika watoto.

Ilikuwa tarehe 18 Machi 1937, katika mji mdogo wa New London, jimbo la Texas, Marekani. Eneo lile lilikuwa limetajirika kwa mafuta, na shule yake ilikuwa ya fahari. Ili kupunguza gharama za kupasha majengo joto, shule iliunganishwa na bomba la gesi ya mabaki kutoka visimani, gesi ambayo makampuni yaliiona kama taka. Gesi ikavuja chini ya sakafu, ikajaa, na hakuna aliyeisikia kwa sababu haikuwa na cha kusikika. Mchana, karibu na saa ya kutoka, mashine moja katika karakana ya shule ilitoa cheche. Wanafunzi na walimu wapatao 300 walikufa. Wiki chache baadaye bunge la Texas likapitisha sheria ya kutia gesi harufu, na desturi hiyo ikasambaa duniani hadi ikafika chumbani kwangu.

Kwa hiyo kilichoniamsha Mkonze kilikuwa sheria.

Nchi ile ile ya Marekani inatufundisha pia kwamba sheria haitoshi. Machi 1965 bomba la gesi lililipuka Natchitoches, Louisiana, na kuua watu 17. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1968, Rais Lyndon Johnson akasaini sheria ya kwanza ya taifa lile kuhusu usalama wa mabomba ya gesi. Kuanzia hapo kukawa na viwango vya kitaifa vya unene wa chuma, vya kupima bomba kwa shinikizo kabla ya kulitumia, vya kulikinga lisiliwe na kutu. Lakini mabomba yaliyokuwa yamekwisha kufukiwa kabla ya sheria hiyo yalipewa nafuu: hayakulazimishwa kupimwa upya kama yale mapya.

Septemba 2010, bomba moja kati ya hayo ya zamani lilipasuka San Bruno, karibu na San Francisco. Lilikuwa limefukiwa mwaka 1956. Watu 8 walikufa na nyumba 38 zikateketea. Wachunguzi walipochimba kumbukumbu za kampuni, PG&E, walikuta makaratasi yanasema kipande kile cha bomba hakina kiungo cha kuchomelea. Walipokiangalia chenyewe, kiungo kilikuwapo, na kilichomelewa vibaya. Kwa zaidi ya miaka hamsini karatasi ilisema jambo moja na ardhi ikaficha jingine, na hakuna mkaguzi aliyekwenda kuvilinganisha. Mwaka 2015 kampuni ilipewa adhabu ya dola bilioni 1.6, na mwaka uliofuata baraza la mahakama likaitia hatiani kwa kukiuka sheria ya usalama wa mabomba na kwa kuzuia uchunguzi. Ripoti rasmi haikuishia kwa kampuni. Iliwanyooshea kidole pia wasimamizi wa serikali, waliopaswa kuuliza nao wakaamini walichoandikiwa.

Sasa turudi nyumbani.

Gesi ya Songo Songo, kisiwani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Ilikaa chini ya ardhi muda mrefu, huku sisi wa bara ya kati tukiendelea kukata miti. Ni mwaka 2004 ndipo gesi ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam kwa bomba na kuanza kuzalisha umeme wa Ubungo. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilikuwa imetungiwa sheria mwaka 2001, lakini ilianza kazi mwaka 2006. Yaani gesi ilitangulia kupita, na mlinzi wa mlangoni akafika baadaye.

Likaja bomba la pili, kubwa zaidi: kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kipenyo cha inchi 36. Wengi wa rika langu tunalikumbuka kwa sababu ya Mtwara ya 2013, watu wakiandamana, moto, risasi, vifo. Swali la wananchi wakati ule lilikuwa: gesi inatoka kwetu, kwa nini inakwenda Dar? Lilikuwa swali la haki na halijaisha. Lakini lilikuwa kubwa kiasi kwamba swali dogo lililo kando yake halikusikika: vijiji ambavyo bomba linapita, nani atawaambia nini cha kufanya likivuja, na nani atahakikisha halivuji?

Bomba lilikamilika mwaka 2015, na mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Petroli. Sheria ile iligawa majukumu: PURA isimamie utafutaji na uchimbaji, EWURA isimamie usafirishaji, usambazaji na uuzaji. Iliweka leseni, ukaguzi na adhabu. Kwenye karatasi, ni sheria nzuri. Na tangu serikali ihamie Dodoma, makao makuu ya EWURA nayo yamekuja hapa jijini. Kutoka Mkonze hadi kwa mdhibiti wa gesi ya taifa ni nauli ya daladala tu. Mimi na babu tunaishi karibu na sheria kuliko mtu yeyote wa Madimba au Somanga, ambako gesi yenyewe inapita.

Lakini ukaribu wa ofisi na ukaribu wa sheria ni vitu viwili. Angalia Nairobi.

Asubuhi ya tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba la Kenya Pipeline ikaingia mtaroni, ikatiririka hadi mtaa wa mabanda wa Sinai. Watu walitoka na ndoo na madebe. Moto ukashika. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao, hawajagusa tone. Sinai ilikuwa imejengwa juu ya mkuza wa bomba, na wakazi walikuwa wameshatakiwa kuhama. Baada ya msiba, wengi mitandaoni na redioni walisema: waliambiwa, hawakusikia.

Kauli hiyo nilipata kuisema na mimi. Babu ndiye aliyenifanya niiache. Nilimsimulia habari za Sinai tumekaa chini ya mti wake uani, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mjukuu, mtu wa ofisi akija na rangi nyekundu, huwa anakwambia nini? Anakwambia ondoka. Hajawahi kuja akasema, nimekuja kukagua kama uko salama. Sasa siku akija kweli kwa usalama wako, utamtofautishaje na yule wa jana?"

Wakazi wa Dodoma wanaielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa. Mji huu ulichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ukapangwa, ukapimwa, na kwa miongo mingi migogoro ya viwanja na bomoabomoa ikawa sehemu ya historia yake. Hapa neno "usimamizi wa sheria" linaleta picha ya tingatinga. Sinai nayo ilikuwa na picha hiyo hiyo kichwani. Watu wale hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamepokea onyo la usalama kwa lugha ile ile iliyotumika kuwafukuza mahali pengine, bila kuonyeshwa pa kwenda. Onyo la namna hiyo halina harufu. Linapita puani na mtu anaendelea kulala.

Kisha kuna upande wa pili, ambapo karatasi inakataa na ardhi inaendelea. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, Embakasi, Nairobi, lori lililojaa gesi lililipuka kwenye eneo la kujazia mitungi katikati ya makazi. Watu kadhaa walifariki, zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Asubuhi, mdhibiti wa nishati wa Kenya, EPRA, alitoa taarifa: maombi ya kujenga kituo cha gesi pale yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023, kwa kutotimiza vigezo. Taarifa ile ilikusudiwa kumwondolea mdhibiti lawama. Mimi niliisoma mara mbili, na kila mara iliniogopesha zaidi. Mara tatu serikali iliandika "hapana", na gesi bado ilikuwapo, malori yanaingia, majirani wanasikia harufu. Baadaye ikabainika kwamba ofisi nyingine ya serikali ilikuwa imetoa kibali, na maofisa wake wakasimamishwa.

San Bruno, Sinai, Embakasi: katika kila mahali sheria ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kutembea kutoka kwenye karatasi hadi kwenye ardhi na kurudi na jibu la kweli. Kazi hiyo haina sherehe. Hakuna utepe wa kukata siku mkaguzi alipokuta mpira umechakaa akaamuru ubadilishwe. Msiba usiotokea hauna kumbukumbu wala picha, na ndiyo maana fungu la ukaguzi ni rahisi kupunguzwa na mkaguzi ni rahisi kudharauliwa.

Sisi tunayo Msamvu yetu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Morogoro, kwenye barabara ile ile ambayo mabasi ya Dodoma hupita kila siku, na zaidi ya watu 100 wakafa kwa moto walipokwenda kuchota. Nikipita pale huwa natazama dirishani, na mara nyingi basi zima hunyamaza kidogo.

Na nishati inazidi kutusogelea. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, nyingi zikiwa Tanzania, na linapita kaskazini mwa mkoa wetu huu wa Dodoma. Tangu mwanzoni mwa 2024 taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 zinatakiwa kuachana na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono. Nimeona vilima vya Ugogo vilivyobaki vipara, na nimeona macho ya akina mama yaliyoharibiwa na moshi. Lakini kila mtungi unaoingia katika chumba cha kupanga ni kipande kidogo cha bomba. Tukihesabu mitungi iliyogawiwa bila kuhesabu wakaguzi walioongezwa, tutakuwa tunajenga San Bruno yetu chumba kwa chumba.

Siku ya pili baada ya ule usiku nilikwenda dukani nilikonunua mtungi. Kanuni zinamtaka muuza gesi awe na mizani. Niliiuliza. Kijana akacheka, akaitoa chini ya meza, ina vumbi. "Kaka, wewe ni wa kwanza kuniuliza." Nilimwonyesha mpira wangu, akaupinda kati ya vidole, ufa ukaonekana wazi. Nilikuwa nimeutumia miaka minne na sikuwahi kuupinda.

Jioni nilimweleza babu ukweli kuhusu harufu: Texas, shule, watoto, sheria. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu.

"Na hao watu wa kuitia harufu, nani huwa anawakagua kama wameitia?"

Nikamwambia ofisi yao iko mjini, nauli ya daladala tu.

"Basi kesho twende," akasema.

Nilidhani anatania. Asubuhi saa moja alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wangu, amevaa koti lake la kanisani, ananisubiri.